Tupeane uzoefu: Mtaa uliopanga India, kabla ya maghorofa palikuwa na nini?

Mleta mada: Wakuu, humu wengi tumesoma India au tumepeleka wagonjwa huko. Ada na viza tumeshaongea sana, ardhi tuliyoishi juu yake hatuigusi. Aliyekaa kule atueleze: mtaa wako ulikuwa nini zamani, na wenyewe walienda wapi?

Naanza. Nilipanga Bengaluru, upande wa Whitefield. Maji tulikuwa tunaletewa na boza, maana visima virefu vya mtaa vilishakauka. Mlinzi wa jengo letu, mzee mzaliwa wa hapo hapo, aliniambia pale walikuwa wanalima ulezi. Kaka yake aliuza shamba mapema, bei ikiwa bado ya kijijini, na pesa ikaishia kwenye harusi na madeni. Yeye akabaki kulinda geti.

Nikaanza kufuatilia. Bengaluru haina mto mkubwa. Tangu enzi za Kempe Gowda, aliyeuanzisha mji mwaka 1537, watu walijenga mabwawa yaliyounganishwa kwa mifereji: la juu likijaa, linamwagia la chini. Jiji lilipopanuka likayala. Kituo cha mabasi cha Majestic kimekaa juu ya bwawa la Dharmambudhi, uwanja wa Kanteerava juu ya Sampangi. Mwaka 2007 manispaa za jirani na vijiji 110 vikaingizwa jijini kwa mkupuo, na mashamba yakageuka viwanja kabla mabomba ya majitaka hayajafika. Bwawa la Bellandur likapokea uchafu hadi likatoa povu na kuwaka moto. Septemba 2022 mvua kubwa ikafuata njia zake za zamani, wafanyakazi wa kampuni za kompyuta wakatolewa majumbani kwa trekta. Maji ya bomba nayo yanasukumwa kutoka mto Cauvery, kilomita 100 hivi. Mji uliokuwa na mamia ya mabwawa! Hili linaniuma mpaka leo.

Mchangiaji, Pune: Mkuu, mimi nilikaa Magarpatta, huko mambo yalikwenda tofauti. Lilikuwa eneo la miwa na mboga, Hadapsar. Wakulima waliona jiji linakuja na madalali wameanza kuzunguka. Badala ya kila mmoja kuuza kipande chake, familia zaidi ya 100 ziliunganisha ardhi, ekari 400 na ushee, wakaunda kampuni yao. Ujenzi ulianza mwaka 2000. Mama mwenye nyumba wetu, tulikuwa tunamwita Kaku, yaani shangazi, alikuwa mke wa mkulima. Kodi yetu ilikuwa inaingia kwake, na bado alikuwa na hisa. Watoto wao walipata tenda za ujenzi na usafi.

Ila nisiwapambe mno. Wengi walikuwa wa ukoo mmoja, kwa hiyo waliaminiana tangu mwanzo. Na hisa zilifuata ardhi: kibarua aliyekata miwa ile miaka yote hakuwa na ekari ya kuchangia.

Mchangiaji, Chennai: Nilimpeleka mama matibabu, tukapanga karibu na Pallikaranai. Ni ardhioevu, ndege wengi ajabu. Sehemu kubwa imeshaliwa na ofisi, barabara na dampo. Wenyeji walituonyesha alama za maji ya mafuriko ya 2015 ukutani. Nilielewa palepale: ile ndiyo ilikuwa sehemu ya maji kupumzika.

Mchangiaji, Gurugram: Kwetu wengine walipata pesa nyingi kweli. Mwenye nyumba wangu alijenga vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja cha kijijini kilichobaki. Ng'ombe bado wamefungwa chini, juu wapangaji, nyuma majengo ya vioo.

Mchangiaji, Kiluvya: Dada wa Pune, samahani. Wazee wetu huku wanafuatwa na madalali kila wiki, shamba la ukoo. Hao wa Magarpatta walipoungana, ardhi waliiuzia kampuni au vipi?

Mchangiaji, Pune: Hawakuuza, kaka. Waliiingiza kama mtaji, kila familia ikapata hisa kwa kadiri ya eneo lake. Mikutano ilitangulia, nyumba kwa nyumba, mpaka wale wagumu wakakubali. Kwenu shamba lina hati, au ni la kimila bado?

Mchangiaji, Kiluvya: Halijapimwa. Babu alifyeka pori tu.

Mchangiaji, Pune: Basi anzeni na upimaji, jina la ukoo mzima, kabla dalali hajapata saini ya mtu mmoja.