Malalamiko: Chumba cha video hapa Lamu kinawakatia watoto wetu vipigo vyote vya Goku

Ndugu wanajamvi, assalaam aleikum.

Nimejizuia siku tatu nisiuandike uzi huu, kwa kuwa sikutaka hasira inifikishe mahali pa kumvunjia mtu heshima. Siku tatu zimepita na hasira iko palepale, basi nauandika, na jina la mhusika sitalitaja.

Upande wa Langoni, hapa Lamu mjini, kuna chumba cha video ambacho kila alasiri, watoto wakishatoka chuoni, huwaonyesha katuni za Goku, yule shujaa mpiganaji wa Dragon Ball ya Kijapani, kwa shilingi 20 kila mmoja. Watoto huvua viatu mlangoni na kukaa mkekani, naye mwenye chumba hukaa pembeni na kipaza sauti akiwafasiria kwa Kiswahili, maana maneno ya katuni yenyewe ni ya Kiingereza. Nimpe haki yake: ana kipaji. Akimwigiza mzee Roshi, mwalimu wa Goku, utadhani unamsikia nahodha mstaafu aliyeketi Mkunguni na meno mawili yaliyosalia. Mpwa wangu wa miaka 10 amekwenda huko mara 32, na hesabu hiyo ninaijua kwa sababu kila shilingi imetoka mfukoni mwangu.

Mwezi uliopita watoto wa mtaa wetu walishindana kuogelea kutoka gatini hadi kwenye jahazi lililokuwa limetia nanga, na mpwa wangu akatoka wa nne kati ya sita. Alipanda juu, akavaa shati lake, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hajatia mguu baharini. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwa uso mkavu: "Goku hashindwi, mjomba." Nilicheka, nikamwambia, je, na Jackie Chun? Akanitazama. "Jackie Chun ni nani?"

Mtoto amekaa mkekani mara 32 na hamjui Jackie Chun! Kesho yake nilivua viatu mlangoni kama wao, nikalipa shilingi 20 zangu, nikakaa nyuma ya chumba, na nikafanya hivyo alasiri tatu mfululizo. Nilichokiona ni hiki: kila Goku anapokaribia kupigwa, mwenye chumba hubonyeza kitufe, sehemu nzima inarukwa, kisha anashika kipaza sauti na kusema kwa ile sauti yake nzito, "Siku zikapita, nguvu zikaongezeka." Sentensi hiyo moja ndiyo iliyochukua nafasi ya vipigo vyote alivyowahi kupigwa Goku tangu utotoni.

Nilimngoja watoto watoke, nikamwuliza kwa adabu. Akanijibu: "Sheikh, mimi nafanya biashara. Siku niliyoonyesha Goku akitobolewa kifua, watoto wawili walilia mpaka mama zao wakaja hapa mlangoni, na kesho yake mkeka ulikuwa nusu mtupu. Tangu siku hiyo naruka."

Walilia, ndiyo. Na sisi tulilia. Bibi zetu walipotusimulia Fumo Liyongo, shujaa wa pwani hii hii, hakuna aliyeiruka sindano ya shaba. Tuliambiwa waziwazi kwamba mwanawe mwenyewe alihadaiwa, akamdunga kitovuni akiwa amelala, naye akaamka na upinde wake, akapiga goti karibu na kisima na kufia hapohapo, mshale ukiwa tayari kwenye uzi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani angali hai. Tulilala tukilia, na usiku uliofuata tukaomba tusimuliwe tena. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba mtoto wa Lamu hawezi kumwona shujaa akianguka.

Na kwa Goku jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu hadithi yake yote imejengwa juu ya kushindwa. Dragon Ball, aliyoianzisha marehemu Akira Toriyama kama hadithi ya michoro mwaka 1984 huko Japani, ilipogeuzwa kuwa katuni ilikuwa na sehemu 153, kisha Dragon Ball Z ikaongeza 291, na karibu kila nguvu mpya anayoipata Goku katika safari hiyo ndefu imetanguliwa na mtu aliyempiga. Ukiondoa vipigo, nguvu zinabaki zimeshuka kama mvua, bila sababu na bila jasho.

Turudi kwa Jackie Chun. Ni mashindano ya 21 ya ubingwa wa mapigano wa dunia, na Goku, mtoto mdogo mwenye mkia, ameingia pamoja na mwenzake Krillin. Mwalimu wao Roshi anavaa nywele za bandia, anajipa jina hilo la uongo na kuingia ulingoni kwa siri, kwa kuwa anaogopa kwamba wanafunzi wake wakiutwaa ubingwa katika jaribio la kwanza wataota mapembe na kuacha kujifunza. Fainali inakuwa kati yake na Goku, na baada ya vituko vingi wanarukiana mateke kwa wakati mmoja, wote wawili wanaanguka, mwamuzi anahesabu, na mzee anawahi kusimama. Kilichomwokoa ni urefu wa mguu: wake ulikuwa mrefu kuliko wa mtoto. Goku hakukosea wala hakuonewa, ila mguu wake ulikuwa bado haujakua. Waliomtangulia mpwa wangu kwenye jahazi lile ni wavulana wa miaka 13 wenye mikono kama makasia, na laiti angeliuona mguu mfupi wa Goku, nadhani angelikuwa majini hivi sasa.

Mashindano ya 22 alishindwa fainali tena, safari hii na Tenshinhan, kwa sababu walipokuwa wakianguka kutoka juu, ulingo umekwisha kusambaratika, gari lililokuwa likipita lilimgonga akatangulia kugusa ardhi. Hapo hakuna la kufundishwa isipokuwa kwamba bahati nayo hushiriki mashindano. Hiyo, nakubali, ingeweza kurukwa.

Lakini Tao Pai Pai! Huyu ni muuaji wa kukodiwa, aliyetumwa na jeshi la Red Ribbon. Anafika chini ya mnara wa Karin, anamwua Bora mbele ya mwanawe mdogo Upa, kisha anamwangusha Goku kwa mwale mmoja wa kidole, na Goku anapona tu kwa sababu ndani ya nguo yake alikuwa na ile tufe ya nyota nne aliyoachiwa na babu yake. Alishindwa kabisa, na hakuna hila ingemsaidia. Basi anaupanda mnara ule kwa mikono yake hadi juu mawinguni, ambako paka mzee anayeitwa Karin analinda maji yanayosemekana kumwongezea mtu nguvu, na paka hamzuii kuyachukua, ila anamkwepa tu. Roshi aliyapata kwa miaka mitatu, Goku kwa siku tatu. Anayanywa na kusubiri nguvu, na ndipo paka anamwambia kwamba yale ni maji ya kawaida, na kwamba nguvu aliipata katika kule kupanda na kule kukimbizana. Wanajamvi, nimesoma vitabu vingi vya malezi, na sikumbuki kilicholisema jambo hilo vizuri namna hiyo. Katika chumba cha Langoni Tao Pai Pai anafika, sentensi ya siku zikapita inasemwa, na Tao Pai Pai anapigwa. Mnara haupo, paka hayupo, maji hayapo.

Ukiruka ovyo namna hiyo, hadithi yenyewe inakufichua. Raditz, kaka yake Goku asiyemjua, anakuja duniani na kumteka Gohan, mwana mdogo wa Goku. Goku anafanikiwa kuushika mkia wa Raditz, ambao ndio udhaifu wake, lakini Raditz anaomba msamaha na Goku, kwa wepesi wa moyo wake, anauachia, na anavunjwa mbavu palepale. Mwishowe inambidi amkumbatie kaka yake kwa nyuma na kumzuia ili Piccolo, adui aliyeungana naye kwa vita hivyo, awatoboe wote wawili kwa pigo moja. Goku anakufa, na gharama ya kumwamini mtu asiyefaa anailipa yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo sehemu iliyowatoa watoto machozi, na ndiyo iliyokatwa. Sasa, sehemu inayofuata Goku yuko ahera akikimbia katika njia ya nyoka, na juu ya kichwa chake kuna duara linalong'aa, alama ya wafu. Nilimsikia mtoto mmoja akimweleza mwenzake kwa uhakika kabisa kwamba Goku amenunua kofia ya kia lakini mshonaji ameimaliza ukingo tu.

Nilicheka hapo, sikatai. Kwa Vegeta, adui aliyekuja baada ya Raditz, sikucheka. Goku alikuwa ameonywa na mwalimu wake wa ahera, Kaio, asizidishe nguvu zake zaidi ya mara mbili, lakini mbele ya Vegeta akazidisha mara tatu, kisha mara nne, mwili wake ukamlipisha, na Vegeta alipojigeuza sokwe mkubwa akamponda Goku mkononi kama mtu anavyokamua ndimu. Waliomaliza kazi ni wengine: Krillin, mtoto Gohan, na Yajirobe, mlafi na mwoga yule, aliyejificha nyuma ya mwamba muda mrefu kisha akatoka na upanga na kuukata mkia wa Vegeta. Mimi katika katuni nzima hakuna ninayempenda kuliko Yajirobe kwa dakika ile moja. Chumbani Langoni tuliambiwa, "Goku akamfukuza Vegeta." Mara picha inayofuata Goku yumo hospitalini amefungwa bendeji mwili mzima, na wenzake wanaondoka kwenda sayari ya Namek bila yeye. Mpwa wangu aliuliza kwa sauti kwa nini aliyeshinda ndiye aliyelazwa, na mfasiri wetu akajibu kwa kipaza sauti, "Amekwenda kupumzika."

Ya maradhi ya moyo yaliyomwangusha mbele ya yule mwanasesere wa chuma namba 19 nayaacha, ingawa mtu mzima anayeahirisha kumeza dawa zake angefaa kuitazama.

Kilichonipandisha hasira hasa ni sehemu ya Cell, adui mwingine wa Goku. Goku anapigana naye mbele ya dunia nzima, anampima, halafu anafanya jambo ambalo mashujaa wa katuni hawalifanyi: anasimama na kusema kwamba amekubali kushindwa, na anamtanguliza mwanawe Gohan, kwa sababu anaamini mtoto ana nguvu kubwa kuliko yake. Zaidi ya hapo, anampa adui punje ya senzu ili apone na pambano liwe la haki. Ushujaa, utasema. Lakini Piccolo, aliyewahi kuwa adui yake na ndiye aliyemlea Gohan baba yake alipokuwa amekufa, anamgeukia na kumkemea kwamba hamjui mwanawe, kwamba Gohan hapendi vita kama yeye, na kwamba mtoto yule anayepigwa anajiuliza kwa nini baba yake amesimama tu akimtazama. Goku anabadilika uso. Kipigo hicho hakikutoka kwa Cell, wala hakina mwale wala mlipuko, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote alivyopigwa, kwa sababu alikuwa amekosea kuhusu mtoto wake mwenyewe na ilimbidi aambiwe hivyo mbele za watu. Baadaye, Cell anapovimba ili ajilipue na dunia yote, Goku anamshika na kutoweka naye hadi kwenye sayari ya Kaio, na anafia huko. Aliagana na Gohan kwanza.

Yote hayo yalirukwa. Tulionyeshwa Gohan akishinda, na mtoto mmoja alipouliza baba yake Gohan yuko wapi, jibu la kipaza sauti lilikuwa neno moja: "Amesafiri."

Wanajamvi, mnaujua mji huu. Baba wengi hapa wamesafiri kweli, na baba wa mpwa wangu yuko safarini mwaka wa pili sasa. Nilimtazama mtoto yule. Hakuuliza tena, alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepewa jibu analolifahamu.

Wapo mtakaoniambia kwamba ni katuni tu. Sawa, ni katuni, na mimi nimeilipia. Ukinunua nguru mzima sokoni, muuzaji akakufungia kichwa na mkia akasema mnofu ungekusumbua tumbo, utamshukuru? Kama anaona kuna sehemu zisizowafaa watoto wadogo, aandike mlangoni kwamba zimekatwa, awatenganishe wakubwa na wadogo, nasi wazazi tuamue. Kukata kimya kimya na kuziba pengo kwa uongo ni kutuuzia kisicho kizima kwa bei ya kizima.

Kwa hivyo nadai, na nimekwisha kumwambia ana kwa ana: ama azionyeshe sehemu alizoziruka, kwa mpangilio, tangu Jackie Chun hadi Cell, bila malipo kwa watoto waliokwisha kulipa, ama anirudishie shilingi 640 za mpwa wangu pamoja na 60 zangu mwenyewe. Amesema atafikiria. Walioko Shela, Matondoni na Mokowe, naomba mtuambie kama vyumba vya kwenu navyo vinaruka, na vinaruka wapi.