Tupeane uzoefu: Mliokwenda na kanisa kusaidia waathirika wa maafa, kazi ilikuwaje?

Mleta mada
Habari zenu wapendwa. Kanisani kwetu wanaandikisha watu wa kwenda kulikopita mafuriko, nami nimeshajiandikisha. Matangazo yote yanahimiza tujitoe. Hakuna anayesema mtu akifika anashika nini, analala wapi, anaongea vipi na aliyepoteza kila kitu. Sihitaji kutiwa moyo, moyo ninao. Mliowahi kwenda, naomba mnieleze kazi yenyewe.

Fundi seremala
Karibu kwenye matope ndugu yangu. Nyumba iliyoingiwa na maji haiingiwi hivi hivi. Kwanza mtu anayejua ahakikishe umeme umekatwa na kuta hazijaachia. Kisha tope litolewe likiwa bado bichi, maana likikauka linashika kama saruji. Vaa buti ngumu, glavu nene na barakoa. Maji yale yamepita vyooni na kwenye mapipa ya mafuta, na misumari imejaa chini huioni. Kuvu nayo haikusubiri, ndani ya saa 24 hadi 48 inaanza kuota kwenye vitu vilivyolowa.

Sisi kiongozi wetu alikuwa na sheria moja: hakuna kitu kinachotupwa kabla mwenye nyumba hajakiona. Kila kitu kilitolewa nje, kikapangwa mbele yake, yeye ndiye anasema hiki kiende, hiki kibaki. Nyumba moja tulitoa albamu ya picha za familia, imelowa, kurasa zimegandana. Mimi ningesema imekufa. Dada mmoja wa kwaya akaichukua, akaomba beseni la maji safi ya baridi. Akaziloweka, akazitenganisha moja moja bila kuzivuta, akazianika kivulini uso wa picha ukiangalia juu. Alishinda na kazi hiyo mchana kutwa huku sisi tunasomba tope, na hakuna aliyemwambia aje ashike koleo. Mama mwenye nyumba alikuwa hajaongea na mtu tangu tufike. Ilipotoka picha ya harusi ya wazazi wake akaanza kututajia majina ya watu waliomo.

Muuguzi
Naongezea upande wa afya. Watu wanadhani tutakwenda kufunga vidonda. Vidonda vipo, lakini foleni yangu kubwa ilikuwa ya wagonjwa wa presha, kisukari na kifafa ambao dawa zao zilikwenda na maji. Wengi hawajui jina la dawa, wanakumbuka rangi ya kidonge. Hapo unahitaji subira, na umpate mtu wa kituo cha afya cha pale anayewafahamu.

Jingine ni maji na vyoo, na hapa hata asiye na taaluma anasaidia sana. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yanavifuata, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisizidi watu 20 kambi ikishatulia. Kubeba ndoo, kutia klorini kwa kipimo, kusimamia sehemu ya kunawia mikono: kazi hizo haziimbwi popote, ila ndizo zinazozuia kipindupindu.

Na tafadhali msimlazimishe mtu asimulie yaliyompata. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Akitaka kusema utamsikiliza. Akinyamaza, kaa naye, halafu muunganishe na ndugu zake au huduma anayoihitaji.

Mtunza ghala
Nguo. Jamani, nguo! Kabla hamjakusanya hata gunia moja ulizeni kule wanataka nini. Sisi tulipokea mlima wa nguo zisizochambuliwa, viatu vya mguu mmoja, magauni ya sherehe. Vijana wenye nguvu walishinda ghalani wakichambua wakati nje watu wanahitaji turubai na ndoo zenye mfuniko. Kama soko la jirani linafanya kazi, fedha inafaa zaidi: mtu ananunua anachokosa, na mfanyabiashara wa pale naye anainuka.

Mwenyeji
Mimi niko upande wa pili wa mada hii. Ni sisi tuliopigwa na mafuriko, na makundi ya makanisa yalikuja kwetu. Kundi la kwanza lilianza kwa kupiga picha watoto wetu bila kuuliza, likagawa vitu kutoka juu ya gari, wenye nguvu wakapata, wajane na walemavu wakakosa. Sitaki kulisema sana.

Kundi lililofuata lilimtafuta mchungaji wetu na wazee wa mtaa, likauliza: mmefika wapi, tushike wapi? Walikuja na mahema, chakula na maji yao wenyewe, hawakutugombania kidogo tulichokuwa nacho. Orodha ya kaya ilisomwa hadharani ili aliyesahaulika aseme. Tena walikuwepo kina mama wawili wenye mwandiko mzuri waliokaa mezani tu, wakitujazia fomu za kuomba upya vyeti vya kuzaliwa na karatasi za viwanja. Bila vyeti tusingeandikishwa popote. Na walirudi tena wakati habari zetu zimeshakwisha redioni. Hao nitawaombea maisha yangu yote.

Mleta mada
Mwenyeji, pole sana, na asante. Swali: wenzetu wengine wanataka tugawe chakula baada ya ibada. Mnasemaje?

Mtunza ghala
Hapana. Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada zinasema msaada hutolewa kwa kuangalia shida tu, bila kujali dini ya mtu, na hautumiki kusukuma msimamo wa dini wala siasa. Na makanisa yenyewe yalikuwemo katika kuzidhamini: Caritas Internationalis, Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ibada iwepo, anayetaka aje. Chakula kiende kwa kila mwenye njaa, asali asisali.

Mwenyeji
Naunga mkono. Kwetu waliuliza kwanza, "Tukuombee?" Wapo waliokubali, wapo waliokataa, na wote walipata turubai.

Mleta mada
Nimempigia kiongozi wa msafara. Wenyeji wameomba makoleo, ndoo na watu wa kujaza fomu. Mwandiko wangu unasomeka, nimemwambia aniweke huko. Muuguzi, chanjo zipi nichome?

Muuguzi
Anza na pepopunda. Kama ulikamilisha zile za awali na miaka 10 imepita bila nyongeza, kachome wiki hii, usingoje siku ya safari, maana mwili unahitaji muda kujenga kinga. Nyingine waulize kituo cha afya wakijua unakokwenda. Na kadi usiiache nyumbani.