Kizibo cha gobori kilichoshikwa na kutu: kifunguliwe au kiachwe?

Mkaazi wa Kibokoni
Assalam aleikum. Marehemu babu ametuachia gobori la fataki (bunduki ya zamani ya kushindiliwa baruti mdomoni) lililotundikwa ukutani miaka mingi hapa Mji wa Kale, nasi tunakusudia kulikabidhi kwa makumbusho. Pale kasiba (mtutu) inapokutana na kizibo cha nyuma pamefanya kutu, na kila nikipapaka mafuta, kesho yake hutoka majimaji meusi. Fundi mmoja amenishauri nikifungue kizibo kwa spana, nisafishe hesi (mikato yake ya kukazia), kisha nikizibe upya kwa grisi. Je, nimfuate?

Fundi wa Majengo
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza hakikisha kasiba ni tupu. Tumbukiza mdeki, yaani ufito wa kushindilia, mpaka ugote, uutie alama usawa wa mdomo wa kasiba, kisha uulaze kwa nje na ulinganishe. Ncha ikikoma vidole viwili au vitatu kabla ya kulifikia tundu la moto, linalopitisha moto wa fataki hadi kwenye baruti, lichukulie gobori kuwa limeshindiliwa baruti, usiliguse tena, uwaite polisi, kwani baruti nyeusi haifi kwa uzee, na hata iliyolowa ikikauka huweza kuwaka.

Likiwa tupu, kiache kizibo mahali pake. Katika magobori ya zamani kizibo kilikazwa ili kikae daima, na kinachozuia moshi usipenye si grisi, bali uso wa mbele wa kizibo unaobana juu ya bega lililochongwa ndani ya kasiba. Ukikifungua, hesi husuguka, na ukikirudisha hakitagota tena pale pale.

Hayo majimaji meusi ni masizi. Baruti nyeusi ikiungua huacha chumvi za potasiamu, nazo hunyonya unyevu, sembuse katika hewa yetu ya pwani. Mafuta hayaziyeyushi, maji huziyeyusha. Itoe kasiba kwenye kitako, uisafishe ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ukibadilisha kitambaa cha mdeki mpaka kitoke cheupe. Isimamishe mdomo ukiwa chini, maji yasituame kizibani, na ikishakauka kabisa ndipo upake mafuta mepesi.

Msomaji wa Nyali
Ushauri wa grisi una asili yake. Bunduki za kisasa za kushindilia mdomoni, zinazotumiwa na wawindaji wa Marekani, aghalabu zina kizibo cha kutolewa kila zinaposafishwa, na hesi zake hupakwa grisi ya kuzuia kushikana, au huzungushiwa tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, ili masizi yasizigandishe. Gobori la babu si la namna hiyo. Tafadhali usitumie msasa pia, kwa maana chapa ya mtengenezaji ikifutika hairudi.

Mkaazi wa Kibokoni
Mdeki umefika hadi kwenye tundu, alhamdulillahi. Je, baada ya mafuta nifunike kwa kitu kingine?

Fundi wa Majengo
Kwa nje futa mafuta yote, upake nta nyembamba ya kuhifadhia chuma, kwa kuwa mafuta hukamata vumbi. Lisirudi ukutani, maana kuta za mawe na chokaa hutoa unyevu. Na kabla ya kulibeba barabarani, zungumza na watu wa makumbusho pamoja na polisi kuhusu kibali.