Nichague upi: Pentiment, 80 Days au 1893?

Msomaji wa Usiku: Wanajukwaa, salamu. Ninataka kununua mchezo mmoja tu wa video, wenye hadithi ambayo mchezaji ndiye anayeamua mkondo wake, na ningependa uwe wa zama zilizopita, kwa sababu michezo ya ulimwengu wa kubuni hunisomesha kurasa nzima za maelezo kabla sijajua hata ninachotakiwa kufanya. Nimebakiwa na Pentiment, 80 Days na 1893: A World's Fair Mystery. Mnanishauri upi?

Kidawa: Hujasema utachezea kwenye chombo gani, wala kama uko tayari kuandika amri. Huo wa 1893, uliotoka mwaka 2002, unakutaka uandike kwa Kiingereza kila unachotaka kufanya, huku ukizunguka maonyesho makubwa ya Chicago kutafuta almasi zilizoibwa.

Mzee wa Mafumbo: Chukua Pentiment. Uko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, katika karne ya 16, wewe ni mchoraji, mtu ameuawa, na ushahidi utakaoupeleka ndio utakaoamua nani auawe kwa kosa hilo. Wala mchezo haukuthibitishii kamwe kama ulimpata muuaji halisi. Tazama pia maandishi: maneno ya mtawa hutokea kwa hati ya vitabu vya kale, ya mkulima kwa mwandiko wa haraka, na ya mpiga chapa hupangwa herufi moja moja kisha kugongwa kwenye ukurasa.

Tausi: Mimi naogopa amri za kuandika. Mchezo mmoja, ambao sitautaja, ulinikabidhi barua iliyofungwa kwa lakiri, yaani nta ya kuzibia barua, nami nikiwa mtumishi katika nyumba ya kifahari ya karne ya 18. Niliandika fungua barua, nikakataliwa. Vunja lakiri, kata karatasi, soma barua: kila mara jibu lilikuwa kwamba bwana angegundua. Jioni mbili zilipita hivyo. Kumbe nilitakiwa kupasha kisu moto kwenye mshumaa, niibandue lakiri ikiwa nzima, kisha niirudishe.

Mzee wa Mafumbo: Lakini hapo mchezo haukukuonea, dada Tausi. Lakiri iliwekwa makusudi ili aliyefungua barua isiyo yake ajulikane.

Tausi: Ningelijuaje, ikiwa hakuna mahali hata pamoja paliponidokeza kwamba kisu kile kinaweza kupashwa moto?

Kidawa: Turudi kwenye swali. 80 Days huanza mwaka 1872, ingawa umejaa mitambo ambayo haikuwahi kuwapo, kwa hiyo mimi siuhesabu kuwa wa kihistoria.

Bahari Shwari: Mimi nauhesabu. Wewe si bwana Fogg, anayejaribu kuizunguka dunia kwa siku themanini, ni mtumishi wake Passepartout: unapanga mizigo katika masanduku yasiyotosha, unahesabu fedha, unamhudumia bwana njiani huku saa inakwenda. Enzi ile naiona zaidi katika kazi hizo kuliko katika mitambo.

Msomaji wa Usiku: Samahani, nilisahau kusema kwamba nitachezea kwenye simu.

Kidawa: Hilo ungelianza nalo! Pentiment ulitengenezwa kwa kompyuta na mashine za michezo. 80 Days ulianzia kwenye simu.

Mzee wa Mafumbo: Basi asubiri apate kompyuta. Na kuhusu lakiri, dada Tausi, mshumaa ulikuwa mezani au haukuwapo?

Tausi: Ulikuwapo. Ulikuwa umezimwa.