Kuchonga poti za silinda ya tu-stroki mwenyewe: nipandishe egzosi milimita ngapi?

Ringi_Mbili:
Wakuu, nina silinda ya akiba ya tu-stroki (injini ya mipigo miwili) cc 125, kipenyo milimita 56, stroki (mwendo wa pistoni) milimita 50, slivu (ganda la ndani) ya chuma. Drili ndogo na vichwa vya kusagia ninavyo, na juu ya poti ya egzosi (tundu la ukutani mwa silinda la kutolea moshi) nimeshachora mstari: nataka kupandisha milimita 3. Pikipiki ni ya kutembelea, egzosi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Shida yangu ni mlimani, inachoka. Nisage?

Mzee_wa_Tupa:
Usisage. Ukishaondoa chuma hakirudi, na hapo unaondoa nguvu zilezile unazozitafuta.

Kwa stroki yako, pale poti ya egzosi inapofunguka, milimita 1 ni digrii 2 na kitu za mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Inafunguka mapema kwa kiasi hicho na inachelewa kufunga kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo milimita 3 ni kama digrii 14 kwa jumla. Kama poti ilikuwa inakaa wazi digrii 170, umeshafika 184. Sasa mgandamizo wa kweli hauanzi mpaka poti ile ifungwe, na moto nao unautoa nje kabla haujamaliza kusukuma pistoni. Nguvu inahamia kwenye mizunguko ya juu, chini kunabaki kelele tu. Mlimani utashuka usukume.

Halafu egzosi yako imepangiwa muda wa zamani. Wimbi linalorudisha mchanganyiko ndani ya silinda litakuja wakati usio wake. MZ, pikipiki ya mashindano ya mhandisi Mjerumani Walter Kaaden, ilifikisha farasi 25 kwenye cc 125 mwaka 1961, lakini diski ya kuingizia mchanganyiko, poti na bomba la egzosi vilipangwa pamoja. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha viwili.

Ringi_Mbili:
Dah. Basi niiache kama ilivyo?

Mzee_wa_Tupa:
Kazi ipo, ila si hiyo. Funga diski ya digrii (sahani yenye alama za digrii) kwenye krenki, tafuta pale pistoni inapofika juu kabisa kwa kizuizi cha pistoni, si kwa macho, kisha andika kila poti inafunguka na kufunga wapi. Baada ya hapo funga silinda bila hedi uangalie pistoni ikiwa chini kabisa: mara nyingi utakuta ukingo wa chini wa poti umekaa juu ya uso wa pistoni, au gasketi ya chini imeingia kwenye njia ya mchanganyiko. Sawazisha hapo. Pembe za poti zinazoelekeza mchanganyiko mbali na egzosi usiziguse hata kidogo.

Upana wa egzosi, ukiupima moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kwako usivuke milimita 39 hivi, yaani asilimia 70 ya kipenyo, na juu pawe na mviringo. Dirisha likiwa pana na bapa, ringi inatoka nje kidogo na kurudi ikijigonga. Angalia pia pini zinazozuia ringi isizunguke, ncha za ringi zisipite dirishani. Mwisho kabisa lainisha kingo zote kwa kinoo na msasa. Ukiruka hiyo, ringi itakatika.

Kung'arisha kama kioo ni kwa ajili ya picha. Egzosi sawa, kaboni haishiki haraka.

Cc_Hamsini:
Fundi, yangu ni alumini iliyopakwa nikasili (mpako mgumu wa nikeli). Ni hayohayo?

Mzee_wa_Tupa:
Hapana. Kichwa cha kusagia kizunguke kutoka ndani ya silinda kuelekea kwenye poti, kiusukume mpako dhidi ya alumini. Kikizunguka kinyume kinauchuna. Slivu ya chuma ukiikwaruza unapeleka kuboa (kupanua tundu) unaweka pistoni ya ovasaizi, kubwa zaidi. Hiyo yako haipanuliwi hivyo, ni kupakwa upya.

Ringi_Mbili:
Nimepima: egzosi inakaa wazi digrii 172, na gasketi kweli ilikuwa imeziba upande mmoja. Juu siongezi kitu. Jeti (tundu la mafuta kwenye kabureta) je?

Mzee_wa_Tupa:
Anza na kubwa zaidi ya uliyonayo, ushuke taratibu ukisoma plagi. Ikiwa nyeupe, usiendelee kukimbia nayo, utatoboa pistoni.