Mrejesho: Mstaafu aliyetafuta pa kujifunza Nairobi

Mwezi uliopita niliuliza: mstaafu asiyetafuta cheti aende wapi Nairobi kujifunza kitu kipya? Asanteni sana nyote mlionijibu.

Nilianza na matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, yale ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Yamekuwepo tangu 1971, nami nimeishi hapa miaka thelathini bila kujua! Mama mmoja aliniazima darubini, nikamwona chozi, ndege mdogo anayefyonza maua, ameng'ang'ania ua, koo lake likimetameta kila alipogeuka. Nilisimama pale hadi wenzangu wakaniita. Na kwarara anayeniamsha alfajiri kule Buruburu sasa namjua kwa jina. Nimeshakwenda mara tatu. Fikeni mapema, na viatu viwe vya kukanyaga matope.

Darasa la jioni la uchoraji halikunifaa. Mwalimu ni mzuri, ila tulimaliza saa mbili usiku, na mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda vibaya. Niliacha baada ya wiki mbili. Anayeishi karibu na mjini anaweza kulijaribu.

Aliyenishauri nibebe daftari, ubarikiwe: nimeshaandika ndege 14.