Mafuta ya mise au seramu ya elfu 65 kwa makunyanzi?

Mama_Kibirizi

Habari za jioni wadau. Niko Kigoma, nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, huu mwaka wa kumi na tisa. Mwezi wa saba nimetimiza miaka arobaini na saba. Juzi kitinda mimba wangu kanipiga picha nikigeuza dagaa kwenye chanja, akanirushia kwenye simu. Nikamuuliza, "Huyu bibi ni nani?" Kumbe ni mimi. Pembeni mwa macho kuna mistari kama njia za sisimizi, shingo imekunjana, na mashavuni kuna mabaka ya kahawia ambayo miaka mitano nyuma hayakuwepo.

Kuna dada hapa mjini anauza vitu vya ngozi kwenye WhatsApp. Kaniletea kichupa cha mililita 30, elfu sitini na tano. Anasema ni seramu ya bakuchioli, mmea wa India unaofanya kazi kama retinoli "ila hauna kemikali". Nimempa kianzio elfu ishirini. Kichupa kiko kabatini, sijakifungua, kwa sababu mama yangu alikiona kabla.

Mama ana miaka sabini na nne, yuko Ujiji. Tangu namfahamu anajipaka mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi anayokaanga mwenyewe kwenye sufuria, yananuka mpaka wajukuu wanakimbia. Na uso wake, wallahi, ukituweka pamoja utasema tumepishana miaka kumi tu. Akakishika kichupa, akakigeuza, akasema: "Unanunua mbegu za Wahindi kwa hela ya ndoo ya dagaa, na mise zinaoza uani?"

Sasa nawauliza mnaojua. Kwenye mise kuna kitu kweli? Na mawese je? Nasikia ule wekundu wake ni vitamini A, na hiyo retinoli nayo ni vitamini A, sasa si nijipake mawese yaishe? Na hiki kichupa nikifungue au nisikifungue? Naomba msiniambie "kunywa maji mengi", ziwa zima liko mbele yangu.

Mseme na ukweli, maana nilishatiwa adabu. Mwaka jana niliona video, ndimu na manjano, nikapaka asubuhi nikaenda mwaloni. Jioni uso unawaka moto. Siku ya tatu ikatoka michirizi myeusi, ikakaa miezi. Mmoja wa kidevuni upo hadi leo.

Mzee_wa_Reli

Uzee ukija mpe kiti akae.

Binti_Mwandiga

Mzee wa Reli, kiti mpe mkeo. Dada kauliza swali la maana.

Mfamasia_Isevya

Mwangaluka mama, hapa ni Tabora. Nina miaka kumi na minne nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na swali lako huwa linakuja karibu kila wiki, ila wengi huificha ile sehemu ya ndimu. Umefanya vizuri kuitaja, nitairudia.

Mise kwanza. Mama yako hakosei, ila anachokipata sicho unachokitafuta. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. (Nayo ni kemikali, kwa hiyo huyo dada mwambie taratibu.) Ukipaka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu wa kuoga, yanazuia maji yasitoke. Ngozi yenye maji inajaa, na vile vimistari vinavyoletwa na ukavu vinafifia siku hiyohiyo, hasa kiangazi upepo ukivuma. Ukinawa kwa sabuni, vinarudi. Mkunjo wenyewe uko chini zaidi, kwenye tabaka lenye kolajeni, zile nyuzi zinazoibana ngozi. Fikiria kitanda cha kamba. Kamba zikilegea, ukitandika shuka jipya kitanda kitapendeza, lakini ukilala bado unagusa chini. Mafuta, yawe ya mise, ya nazi au ya ubuyu, ni shuka.

Mawese: ule wekundu ni karotini, na ni kweli mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini kazi hiyo hufanyika zaidi tumboni, ukila. Ukipaka usoni, cha uhakika utakachopata ni foronya ya njano. Na wengi tunayachoma kikaangoni mpaka yapauke ndipo tunapikia. Rangi ikiondoka, karotini imeondoka nayo. Yaache yawe ya mboga.

Retinoli ni habari nyingine, hiyo inakaza kamba. Dawa kubwa katika ukoo wake ni tretinoini. Marekani ilianza kama dawa ya chunusi mwaka 1971. Baadaye wagonjwa wenye umri mkubwa wakaanza kusema ngozi zao zimekuwa nyororo, daktari Albert Kligman akalifuatilia jambo hilo, na mwaka 1986 wakachapisha kwamba inapunguza athari za jua kwenye ngozi. Inaichochea ngozi kutengeneza kolajeni mpya, na inavizuia vimeng'enya vinavyoikatakata ile ya zamani. Retinoli ni ndugu yake mpole, ngozi inaigeuza hatua kwa hatua mpaka ifike kulekule, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo. Zote mbili zinachubua na kuwasha mwanzoni, zinapakwa usiku, na mjamzito asizikaribie.

Sasa bakuchioli. Inatoka kwenye mbegu za mmea uitwao *Psoralea corylifolia*, India wanauita babchi. Kwa umbo haifanani kabisa na retinoli, lakini ngozi inaiitikia kwa namna inayokaribiana. Mwaka 2019 jarida la British Journal of Dermatology lilitoa jaribio la watu 44 kwa wiki 12. Kundi moja lilipaka bakuchioli ya asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, jingine retinoli ya asilimia 0.5 mara moja. Mikunjo na mabaka vilipungua pande zote mbili bila tofauti ya kuhesabika, na waliopaka retinoli ndio waliolalamika zaidi kuchubuka na kuwashwa. Watu 44 ni wachache mno. Hata foleni yangu ya mwisho wa mwezi inawazidi. Lakini si maneno ya mtaani.

Kwa hiyo mmea kuwa mmea hakunisumbui wala hakunifurahishi. Nataka kujua kilichomo ni nini hasa, na ni kiasi gani. Niandikie maneno yaliyo nyuma ya kichupa, yote, hata yale madogo.

Dereva_Mstaafu_Nzega

Nimeendesha malori miaka ishirini na sita, Tabora, Kigoma, Dar, mpaka mgongo ukakataa. Sina elimu ya ngozi, ila nina uso. Shavu la kulia limekunjana kama gunia tupu, la kushoto ni la kijana. Kinyozi ndiye aliyenionyesha. Akaniuliza, "Mzee, unalalia upande mmoja?" Upande wa kulia ni wa dirishani. Tena wakati mwingi kioo nilikuwa nimekifunga kwa ajili ya vumbi!

Mfamasia_Isevya

Shikamoo mzee. Umenipunguzia kazi. Kioo cha kawaida kinazuia mionzi inayobabua ngozi, lakini ile inayozama ndani na kukata kolajeni, wanaiita UVA, inapita. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyefanya kazi hiyo miaka 28. Yeye ameharibika kushoto, maana usukani wao uko kushoto. Ninyi wawili mkikaa pamoja mnapata uso mmoja mzima na mmoja mbovu.

Mama_Kibirizi

Mzee wa Nzega shikamoo, umenichekesha mpaka wateja wamegeuka.

Mfamasia, nimemwita mwanangu anisomee, herufi ni kama mayai ya chawa. Ameandika hivi: Aqua, Glycerin, Propylene Glycol, Psoralea Corylifolia Seed Extract, Parfum, Citrus Aurantifolia Oil, Phenoxyethanol, Limonene. Neno bakuchioli liko mbele tu, kwa dhahabu. Alama ya ubora ya TBS sijaiona, tarehe ya mwisho wa matumizi sijaiona.

Mfamasia_Isevya

Mama, kichupa kirudi kabatini na kabati lifungwe.

Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia moja mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Kwa hiyo kwanza una maji, kisha gliserini, ambayo ni nzuri na ya bei rahisi, inavuta maji kwenye ngozi. Ngozi ingenenepa kidogo siku ya kwanza ukasema dawa imefanya kazi.

Tatizo ni hicho cha nne. Bakuchioli iliyosafishwa huandikwa Bakuchiol. Hapo pameandikwa dondoo la mbegu nzima, na mbegu nzima ina kitu kingine, psoraleni. Psoraleni ikiwa kwenye ngozi halafu ikapigwa na jua, ngozi inaungua na kuacha weusi. Wahindi walilijua hilo zamani, waliwapaka mbegu hizo wenye mabaka meupe ya balanga kisha wakawaweka juani ili rangi irudi. Hospitali nazo hutumia psoraleni pamoja na taa za UVA, lakini kwa vipimo. Wewe ungeipima kwa jua la Kibirizi saa saba mchana.

Sasa rudi kwenye ndimu yako. Ganda na maji ya ndimu yana vitu vya ukoo huohuo wa psoraleni. Mchirizi wa kidevuni ndio kazi yake. Manjano yalikusindikiza tu. Na kile cha sita kwenye lebo yako, Citrus Aurantifolia, unajua ni nini? Ndimu.

Mafuta ya ndimu yakipatikana kwa mvuke huwa hayana shida hiyo, ya kukamua ganda ndiyo yanayo. Lebo haisemi ni yapi. Nisingebahatisha kwenye uso ambao ulishaungua mara moja.

Ukitaka kukaza kamba, anza na kuzuia kinachozilegeza. Australia walifuatilia watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu. Walioambiwa wapake sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, kila siku walionyesha dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko walioachwa wapake wanapojisikia. Wengi wao ni weupe, najua utasema. Ngozi yetu ina kinga yake ya asili, makunyanzi yanatuchelewa, lakini mabaka hayatuchelewi, na wewe umeyataja kabla sijauliza. Wala sanskrini si kitu cha wazungu. Pale Moshi wanatengeneza yao iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hiyo waachie wenyewe, wewe nunua ya duka la dawa, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, inayoandikwa inakinga UVA pia. Na kofia pana, japo peke yake haitoshi, maana mchanga na maji vinarudisha jua kutoka chini.

Baada ya hapo, ukitaka retinoli au bakuchioli halisi ya usiku, njoo tuongee. Mise paka usiku, ngozi ikiwa na unyevu.

Binti_Mwandiga

Naongezea kidogo kuhusu mise, maana ndiyo ugali wangu, natengeneza sabuni. Yale meusi ni ya kukaanga, mise zinaungua ndiyo maana yananuka. Ya kukamua kwa mashine yanatoka meupe, asubuhi ya baridi yanaganda. Dada ukitaka ya uso tafuta haya. Na Mfamasia usiyaite shuka tu, hata shuka lina heshima yake.

Mfamasia_Isevya

Nimekubali, dada. Asiye na shuka ndiye anayejua.

Mama_Kibirizi

Nimerudi na taarifa. Muuza kichupa tumebishana nusu saa, kanirudishia elfu kumi na tano, tano kasema ni ya bodaboda. Sikusukumana naye.

Ila nililofuata Ujiji ni jingine. Nilimsomea mama haya yote, nikamwambia mafuta yako ni shuka. Akanuna. Nikamuuliza, mama, wewe uliwahi kufanya kazi ya jua? Akaniangalia kama mwehu. "Mimi? Baba yako alinikataza kwenda mwaloni. Mikeka yote iliyowasomesha nimeisuka chini ya ule mwembe, mtandio mpaka kwenye nyusi." Na ni kweli. Utoto wangu wote namkumbuka kivulini, sisi watoto ndio tuliokuwa tunatumwa juani.

Sikumwambia kitu. Kanipa chupa ya mise nikaipokea.

Sanskrini nimenunua, mwanzoni ilinifanya kama niliyepaka unga, nikajifunza kuisugua. Dagaa nageuza mwenyewe alfajiri na saa kumi na moja jioni. Mchana nimeweka kijana. Ana miaka kumi na tisa, nimemnunulia kofia, anaivaa nikiwa namwangalia.